Tani ya Kitu Gani? Vipimo vya Hewa Ukaa na Mwenye Shamba la Mikarafuu



Tangu kumalizika msimu huu wanachama kadhaa, wa kaskazini na wa kusini ya kisiwa, wametuletea ofisini karatasi walizopewa na watu wanaotaka kufanya nao biashara ya kaboni. Jambo lenyewe kwa kifupi ni kwamba mti unapokua huvuta hewa ukaa na kuihifadhi ndani ya gogo, matawi na mizizi, na wako watu wa nchi za nje walio tayari kulipa fedha ili hewa hiyo ibaki humo humo isirudi juu. Wanachama wanatuuliza kama bei waliyotajiwa ni nzuri. Sisi tunawajibu kwamba suala la bei ni la pili. La kwanza ni hili: bei ya kitu gani? Karatasi moja inasema "tani" basi. Nyengine inasema "tani za kaboni". Ya tatu inasema "tani za hewa ukaa". Ya nne ina herufi tupu, ambazo aliyeileta hakuzijua wala aliyempa hakumfasiria. Hivyo si vitu vimoja, na khitilafu iliyopo baina yake si ya kilo mbili tatu.

Kwa sababu hiyo tumeona bora tuvieleze vipimo hivi katika gazeti letu, ili kila mwanachama aweze kufanya hesabu yake mwenyewe kabla ya kutia mkono.

Mkulima wa karafuu si mgeni wa vipimo. Wazee wetu waliwalipa wachumaji kwa pishi na wakauza kwa frasila, na kila mmoja alijua kwamba pishi ni ujazo na frasila ni uzito, na kwamba huwezi kuigeuza pishi kuwa ratili mpaka ujue kwanza ndani ya pishi mna nini: mchele, karafuu mbichi au makonyo. Kadhalika kila mtoto wa shamba anajua kwamba kilo tatu za karafuu mbichi zikitoka juani hazirudi tatu, hurudi kiasi cha moja. Anayenunua mbichi kwa bei ya mbichi hana kosa. Anayenunua kavu kwa bei ya mbichi, huyo anakupunja, na kila aliyepita chuoni anajua onyo walilopewa wenye kupunja vipimo. Basi mwenye kuyashika mambo haya mawili, ujazo na uzito, mbichi na kavu, ameshapita nusu ya njia katika somo letu la leo.

Tuanze na tani yenyewe. Ziko tani tatu duniani. Tani ya Kiingereza ya zamani ilikuwa ratili 2,240, na kwa kuwa frasila yetu ni ratili 35, tani hiyo ilikuwa frasila 64 kamili, haizidi wala haipungui. Tani ya Kimarekani ni ratili 2,000, yaani frasila 57 na ratili 5. Tani inayotumiwa katika mambo ya hewa ukaa ni ya metriki, kilo 1,000, ambayo ni frasila 63 ukiacha chembe. Karatasi iliyoandikwa na Mmarekani yapasa iulizwe ni tani ipi, maana baina ya tani yao na ya metriki kuna kilo 93. Katika tani moja si kitu kikubwa, lakini katika tani elfu ni tani 93 zilizopotea njiani.

Sasa tufike penye shina la mambo, nalo ni khitilafu baina ya kaboni na hewa ukaa. Katika lugha yetu maneno haya yamechanganyika, kwani watu husema "biashara ya kaboni" na "biashara ya hewa ukaa" kama kwamba ni kitu kimoja, na wengine hulitumia neno ukaa peke yake kwa vyote viwili. Kaboni ni ile asili ya makaa. Ukichoma kuni ndani ya tanuri lililofunikwa udongo, maji na mvuke hutoka, na makaa yanayobaki sehemu yake kubwa ni kaboni. Hewa ukaa ni kaboni hiyo hiyo ikiwa imeshikana na oksijeni ya hewani: chembe moja ya kaboni na chembe mbili za oksijeni. Wataalamu wameipa chembe ya kaboni uzito wa 12, na ya oksijeni uzito wa 16. Basi jumlisha: 12 na 16 na 16, unapata 44. Kila kilo 12 za kaboni zikiungua zote hutoa kilo 44 za hewa ukaa. Gawa 44 kwa 12, utapata 3.67. Namba hii tunaomba kila mwanachama aiandike mahali asipoisahau. Tani moja ya kaboni ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa.

Wapo wanaostaajabu vipi kitu kikiungua kitoe moshi mzito kuliko chenyewe. Lita moja ya dizeli haifiki uzito wa kilo moja, lakini ikiungua katika mashine hutoa hewa ukaa kilo 2.7 hivi, na lita ya petroli hutoa kilo 2.3. Hapana mazingaombwe. Uzito uliozidi ni oksijeni iliyovutwa kutoka hewani wakati wa kuungua.

Tazameni basi namba hiyo inavyofanya kazi katika bei. Mtu mmoja anakuja na kusema, "Nitakupa dola 10 kwa tani ya hewa ukaa." Anakuja wa pili anasema, "Mimi nitakupa dola 20 kwa tani ya kaboni." Mwenye haraka atamkimbilia wa pili. Lakini dola 10 kwa tani ya hewa ukaa ni sawa na dola 36 na senti 67 kwa tani ya kaboni. Huyo wa dola 20, ukigawa kwa 3.67, anakupa dola 5 na senti 45 tu kwa tani ya hewa ukaa, kiasi cha nusu ya mwenzake. Hatusemi kwamba amedanganya, kwani karatasi yake imesema kaboni na kaboni ndiyo aliyokusudia. Ila aliyetia mkono hakujua alichokiuza.

Tuingie shambani. Mti haupimwi kwa kukatwa na kutiwa mizanini, ingekuwa hasara. Hupimwa unene wake mahali pa urefu wa mita 1.30 kutoka ardhini, yaani penye kifua cha mtu mzima, kisha huhesabiwa. Utepe wa fundi cherehani unatosha. Ukiuzungusha kwenye gogo utapata mzunguko, na mzunguko huo ukiugawa kwa 3.14 utapata kipenyo. Mkarafuu wenye mzunguko wa sentimita 94 una kipenyo cha sentimita 30. Hapa ndipo watu wanapoteleza, kwani hesabu zote hutaka kipenyo. Anayetia mzunguko mahali pa kipenyo ataupa mti wake uzito uliozidi zaidi ya mara tisa, naye atafurahi mpaka siku atakapokuja mkaguzi.

Hesabu inayotumiwa sana kwa miti ya nchi za joto ilitolewa mwaka 2014 na Jérôme Chave na wenzake, baada ya kukusanya vipimo vya miti zaidi ya 4,000 iliyokatwa na kupimwa kweli. Huchukuliwa kipenyo kwa sentimita kikazidishwa kwa chenyewe, kikazidishwa kwa urefu wa mti kwa mita, kikazidishwa tena kwa uzito wa mbao yake, yaani gramu za mbao kavu katika kila sentimita moja ya ujazo. Jumla inayopatikana hupandishwa kwa kipeo cha 0.976, ambayo ni kazi ya kikokotozi cha simu, na mwisho huzidishwa kwa 0.0673. Jawabu ni kilo za mti mkavu, ule ulio juu ya ardhi, bila ya mizizi.

Tuchukue mkarafuu wetu wa kipenyo cha sentimita 30, urefu wa mita 12, na kwa mfano uzito wa mbao tuuweke 0.7. Jawabu ni kilo 411, kwa kisio. Hizo ni kilo kavu, kama karafuu iliyokwisha kuanikwa, maana maji ya mti hayalipwi. Katika kilo hizo kaboni ni karibu nusu, na namba inayotumiwa sana ni 0.47. Kwa hivyo kaboni ni kilo 193. Zidisha kwa 3.67, hewa ukaa ni kilo 708. Mti ni huo huo mmoja, nao una 411, una 193 na una 708, na kila namba ni ya kweli ikiwa jina lake limeandikwa pembeni.

Twapenda kusema hapa kwamba hesabu hiyo ilifanywa kwa miti ya mwituni. Mikarafuu yetu mingi hugawanyika chini kuwa magogo mawili, na matawi yake huvunjwa na wachumaji kila msimu. Mti wa namna hiyo kila gogo lipimwe peke yake, na jawabu lichukuliwe kuwa ni kisio. Anayewaletea hesabu ya mikarafuu yenye tarakimu tatu baada ya nukta anawapendezesha macho tu.

Sasa eneo. Wengi wetu tunahesabu kwa eka, na familia nyingi bado zina zile eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Wenye biashara hii huhesabu kwa hekta. Hekta moja ni eka 2.47, na eka tatu ni hekta 1.21. Tuseme shamba lina mikarafuu 100 kwa eka, yote kama ule wa mfano wetu. Kwa eka moja kaboni ni tani 19. Kwa hekta moja kaboni ni tani 48. Kwa eka moja hewa ukaa ni tani 71. Kwa hekta moja hewa ukaa ni tani 175. Mtu anaweza kusimama mbele yenu akasema "shamba lenu lina tani 19", na mwengine akasema "lina tani 175", na wote wawili wakawa wakweli mbele ya kadhi yeyote. Na tani zote hizo zimetoka katika miti hiyo hiyo 100 ya kila eka, haukuongezwa hata mche.

Lakini pana jambo jengine ambalo karatasi tulizoziona zote zimelipita kimya, nalo twaliona kuwa kubwa kuliko eka na hekta. Tani 71 kwa eka ni akiba, yaani kile kilichokwisha kukusanyika tangu mti ulipopandwa na babu. Aghalabu mnunuzi halipi akiba hiyo. Hulipa kile kinachoongezeka kila mwaka kwa sababu ya kazi iliyofanywa, au kile kilichookolewa kisikatwe. Yeye anataka kuona hewani pamebadilika kitu kwa ajili ya fedha zake, na mkarafuu uliokuwapo tangu zamani, na ambao hapana aliyekusudia kuukata, haukumbadilishia kitu.

Basi mkarafuu wetu ukinenepa nusu sentimita ya kipenyo kwa mwaka, kutoka 30 hadi 30 na nusu, hewa ukaa inayoongezeka ni kilo 23 hivi. Kwa miti 100 ni tani 2.3 kwa eka kwa mwaka. Kwa ile bei ya mfano ya dola 10, ni dola 23 kwa eka kwa mwaka, kabla ya kutolewa gharama za kupima, za mkaguzi na za wakala. Mwanachama mwenyewe anajua eka yake humpa nini kwa karafuu. Ikiwa mapatano yanamfunga miaka 30 asikate mti mkongwe ili apande mche mpya, na aweke hayo mizanini. Wale wenye maeneo matupu wanaopanda miche upya hesabu yao ni nyengine na ni bora zaidi, kwa kuwa kila kilo inayoingia ni mpya.

Kaboni ya mti pia haina dhamana ya milele. Tufani ya 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na maradhi ya kufa ghafla yamekausha miti ya visiwa vyetu tangu enzi za mababu. Mti ukioza au ukichomwa, zile kilo 708 hurudi hewani. Kwa hivyo miradi iliyopangwa vizuri huweka kando sehemu ya tani bila ya kuziuza, kama fungu la tahadhari. Ulizeni fungu hilo ni kiasi gani, na likitokea la kutokea nani atakayedaiwa.

Tumetaja herufi. Katika karatasi mtaona tCO2e. Ile t ni tani ya metriki, CO2 ni hewa ukaa, na ile e ndogo ya mwisho maana yake ni "sawa na". Imewekwa kwa sababu hewa zinazozidisha joto si moja. Iko methani, inayotoka katika mabonde ya mpunga yaliyotuama maji na katika matumbo ya ng'ombe. Iko naitrasi oksaidi, inayotoka katika mbolea. Kila moja hupimwa nguvu yake ya kuzidisha joto kwa muda wa miaka 100, ikalinganishwa na hewa ukaa, kama vile sarafu za nchi mbali mbali zinavyogeuzwa kuwa shilingi. Na kama sarafu, kima chake hubadilika. Jopo la Kiserikali la wataalamu wa Mabadiliko ya Tabianchi liliipa methani 21 mwaka 1995, 25 mwaka 2007 na 28 mwaka 2013. Mwaka 2021 liliipa 27 kwa methani ya mifugo na mabonde, na karibu 30 kwa ile ya visima vya mafuta. Si kwamba methani imebadilika, ni elimu iliyozidi. Ukihesabu kwa miaka 20 badala ya 100 hupanda hadi kupita 80, kwani methani haikai sana hewani lakini ina ukali wakati ikiwapo. Kwa hivyo karatasi yapasa iseme imetumia kima cha mwaka gani na kwa muda wa miaka mingapi.

Kwa mfano, mfuko wa yurea wa kilo 50 unaomwagwa shambani una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Kwa kisio la kawaida asilimia 1 ya naitrojeni hiyo hupotea kwa njia ya naitrasi oksaidi, nayo ni gramu 230. Kama ilivyo kwa kaboni, hapa nako sharti tuongeze uzito wa oksijeni: zidisha kwa 44, gawa kwa 28, unapata gramu 361. Kima cha hewa hiyo kwa mujibu wa hesabu ya 2021 ni 273. Jawabu ni kilo 99 za hewa ukaa kutoka mfuko mmoja, mara mbili ya uzito wa mfuko wenyewe. Wenye mpunga waliyatupa macho mahesabu haya ofisini wakasema hawayaamini, lakini hesabu ndiyo hiyo.

Vipimo vikubwa tutavipita mbio, maana si vya shambani. Megatoni ni tani milioni moja, gigatoni ni tani bilioni moja. Wengine huandika teragramu mahali pa megatoni na petagramu mahali pa gigatoni, na ni uzito ule ule. Megagramu ni tani moja, na huandikwa Mg kwa M kubwa, msije mkaidhania miligramu ya dawa. Hewa ya dunia hupimwa kwa sehemu katika milioni. Charles David Keeling alipoanza kupima huko Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, hewa ukaa ilikuwa karibu sehemu 315, na mwaka 2024 wastani wake ulipita 420. Kila sehemu moja inayozidi ni gigatoni 7.8 za hewa ukaa.

Ambaye angependa kuona mfano wa karibu, auangalie Mikoko Pamoja wa Gazi, huko Kwale, pwani ya Kenya, unaouza hewa ukaa ya mikoko tangu miaka ya 2013 na 2014. Eneo lao ni hekta 117, na hesabu yao ni takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka, na fedha zimeingia katika maji na skuli za vijiji. Ukigawa utaona ni kama tani 25 kwa hekta, au 10 kwa eka, na mtu anaweza kushawishika kuilinganisha na zile 2.3 zetu. Hapana, mikoko huhifadhi kaboni nyingi katika tope lake, na hesabu yao imo pia ile iliyookolewa isipotee. Lililo zuri kwao ni kwamba kipimo kimetajwa wazi: hekta, hewa ukaa, kwa mwaka.

Kwa hivyo mwanachama akiletewa karatasi na aulize hapo hapo, na jawabu liandikwe katika karatasi hiyo hiyo: tani ya metriki au nyengine, ya kaboni au ya hewa ukaa, kwa eka au kwa hekta, ya akiba au ya mwaka, na ya juu ya ardhi peke yake au pamoja na mizizi na udongo. Asiyetaka kuandika hana haja ya kuharakishwa kikombe cha pili cha kahawa.

Utepe wa kupimia wa chama upo ofisini, nao huazimwa kwa siku mbili. Wenye kuuhitaji waandikishe majina yao kwa karani, na kila mmoja aje na chaki yake ya kutilia alama miti iliyokwisha kupimwa, maana ya ofisi imekwisha.